Usiku tuliochemshia maji vikombeni

Sufuria ilibaki kambi ya nyuma, mwendo wa saa nne, na tulilijua hilo jioni, mahema yamekwisha simama. Tulikuwa wanne, na jiko moja dogo la gesi lenye mtungi wa gramu 230. Cha kuchemshia kilikuwa vikombe tu.

Mwenzetu alikwisha bandika chake, cha chuma kisichoshika kutu, chenye kuta mbili. "Kiepue, kitapasuka!" nikamwambia. Akajibu kwamba ni chuma, moto utakifanya nini? Papo hapo kitako kikalia *tak*. Katikati ya kuta zile mna hewa iliyofungiwa. Ikipata moto hutanuka na haina pa kutokea, ikasukuma bati mpaka likatuna kama shavu. Kingeachwa zaidi, kiungo kingeachia. Hata vile vyenye ombwe, yaani nafasi tupu isiyo na hewa, havifai kubandikwa: kinachozuia joto la chai lisitoke ndicho hichohicho kinachozuia joto la moto lisiingie.

Tukabaki na viwili vya ukuta mmoja. Changu cha titani, yaani metali nyepesi, cha mililita 450, nilikitia maji mililita 350, maana yakifika ukingoni hufurika yanapochemka na kuzima jiko. Kitako chake ni chembamba, kwa hiyo nilipunguza moto mpaka mwali ukaishia chini yake. Ukipanda ubavuni unapoteza gesi na kuunguza mkono wa kikombe. Kifuniko juu. Upepo tuliukinga kwa mawe upande mmoja tu, kwani ukizungushia jiko lote joto hurudi kwenye mtungi, na hapo ndipo hatari kubwa ilipo.

Cha pili kilikuwa cha enameli, yaani bati lililopakwa kioo. Nakipenda sana kikombe cha enameli kwa uimara wake, ila kina masharti. Kisibandikwe kitupu, na kikiwa cha moto kisimiminiwe maji baridi. Kioo hupata nyufa na kubanduka. Hiki kilikuwa na kovu dogo jeusi ukingoni, mahali kilipowahi kugonga jiwe, na kutu ilikwisha anza humo. Maji kilichemsha vizuri, lakini kukinywea papo hapo haiwezekani: ukingo hubaki na moto na huunguza midomo. Titani nayo ni vivyo hivyo.

Hapo kikombe cha nne, cha silikoni cha kukunja, kikaonyesha kazi yake. Motoni hakifai kabisa, lakini mdomoni hakichomi. Kikijaa ukishike kwenye pete ngumu ya juu. Ukikibana tumboni, chai inaruka.

Tulikuwa mita 3,000 hivi, ambako maji huchemka kwenye nyuzi 90, basi majani tuliyaacha yaive zaidi, kama dakika saba. Mwenye kikombe kilichotuna alimiminiwa chake kwa zamu. Kila alipokiweka jiweni kiliyumba, mpaka akachimba kishimo kidogo ardhini kwa kijiko, akakikalisha humo.