Utepe wa Bluu Gatini Hishiura

Mwishoni mwa Machi 2017 nilisimama gatini Hishiura, kisiwa cha Nakanoshima huko Japani, nimeshika utepe wa karatasi wa bluu. Ncha ya pili alikuwa nayo kijana mmoja juu ya sitaha, ambaye nilikuwa nimemjua kwa siku mbili tu. Wakati huo nilikuwa nasoma Matsue, mji wa bara. Feri kutoka bara ilinichukua kama saa tatu, na mimi, Mpemba mzima, nilitapika njiani.

Mwenyeji wangu alikuwa bibi mkulima wa mpunga. Pale Ama, mji wa kisiwa hicho, wanamwita "shima-oya", mzazi wa kisiwani. Vijana wanaotoka Tokyo au Osaka kuja kusoma sekondari ya Oki Dozen hulala bweni, lakini hupata mzazi wa namna hiyo wa kuwalisha wali siku za mapumziko na kuwatia tope shambani. Wa kwake alikuwa wa Osaka, na siku ile ndiyo alikuwa anaondoka.

Usiku wa kuamkia siku hiyo bibi alinisimulia. Mwaka 2008 shule ilikuwa na wanafunzi chini ya 90, wa visiwa vyote vitatu vya Dozen, kundi ambalo Nakanoshima ni kimojawapo, na kufungwa kulinukia. Nikauliza, kwani watoto wasingesoma bara? Akanitazama kama nimeuliza kwa nini maji yanalowesha. Mtoto wa miaka 15 akivuka, mama humfuata. Mama akivuka, baba habaki. Ndipo wakaanza kualika watoto wa mbali, wakafungua na kituo cha masomo ya ziada, na idadi ikaongezeka karibu mara mbili.

Nilinyamaza. Kwetu nina ndugu kadhaa waliovuka Unguja kwa ajili ya shule. Tunawaona Idi.

Honi ikalia. Tepe mia na kitu zikakazika kati ya gati na meli, nyekundu, njano, kijani, zikipigapiga kwa upepo. Wa bibi ulikatika mwanzo kabisa, maana aliuvuta. Bila kusema neno akanipokonya wangu, akaenda nao hadi ukingoni, akiuachia kidogo kidogo, mpaka nao ukaachana.

Kipande kilichobaki alikizungusha vidoleni, akakitia mfukoni mwa aproni. Rangi ya bluu ilikuwa imemganda viganjani.

"Twende," akaniambia. "Mchuzi wa sazae unapoa."

Sazae ni konokono wa baharini. Nilikula, nikaongezwa.