Tukidhani Yumo Katika Msafara

Wapendwa, Bwana asifiwe.

Masomo ya wiki hii ni mawili na yote yamo katika sura moja: Luka 2:1-7 na Luka 2:41-46. La kwanza kila mtu analijua. Watoto wa shule ya Jumapili wameshaanza mazoezi, na ugomvi wa nani atakuwa Mariamu umeshaanza pia. La pili hatulisomi sana mwezi wa Desemba. Nimeyaweka pamoja kwa sababu yote yanasimulia safari, na wiki ijayo chuo chetu kinafunga kwa ajili ya Noeli na Bonane, yaani Mwaka Mpya.

Chuo kidogo kikifunga kinafunga kweli. Kwenye vyuo vikubwa vya hapa Bukavu daima kuna watu wanaobaki, wanapika pamoja, wanaangalia mpira. Kwetu, Ijumaa saa sita mwalimu wa mwisho anafuta ubao, na ikifika saa kumi homu nzima, bweni letu, ni kufuli tupu. Magodoro yamekunjwa na kufungwa kamba. Motari watatu, wenye pikipiki za abiria, wanagombania begi moja getini. Wa Goma wanaulizana kama boti ya usiku bado ina nafasi. Wa Uvira wanaahidi kurudi na mchele na ndagala, ahadi ambayo hutimizwa nusu. Wa Walungu na Kabare hawana haraka, kwao ni karibu, akili yao yote iko kwenye nyama. (Ndugu zangu Bashi, watu wa huko, mtanisamehe, lakini Noeli isiyo na nyama kwenu ni Jumatano tu.) Na katikati ya kelele hizo yuko mmoja anayesaidia kila mtu. Anamfungia huyu godoro, anambebea yule sanduku mpaka barabarani, anapunga mkono. Akiulizwa anasema, "Mimi nitaenda kesho kutwa." Basi. Hakuna anayeuliza mara ya pili.

Yusufu na Mariamu nao hawakuuliza. Luka anasema walikuwa wakienda Yerusalemu kila mwaka kwa sikukuu ya Pasaka, na mtoto wao Yesu alipofika miaka 12 wakapanda kama ilivyokuwa desturi. Kutoka Nazareti hadi Yerusalemu ni zaidi ya kilomita 100, karibu kama kutoka hapa kwenda Uvira, na wao walikwenda kwa miguu, siku baada ya siku. Watu walitembea kwa vikundi, jamaa na majirani, kwa sababu ya wanyang'anyi wa njiani na pia kwa sababu safari ya wengi ni tamu. Zaburi ya 120 hadi ya 134 zinaitwa Nyimbo za Kupanda Mlima, na ukizisoma mfululizo unasikia miguu ya wasafiri ndani yake: "Nitayainua macho yangu niitazame milima" (Zaburi 121:1). Katika kundi la namna hiyo mama anaamini mtoto yuko na baba, baba anaamini yuko na mama, na shangazi anaamini yuko na vijana wenzake kule mbele. Wakati wa kurudi, wakaenda mwendo wa kutwa. Sioni mahali Luka anapowalaumu. Walikuwa wazazi wema, katika msafara mwema, wakitoka kwenye ibada. Na mtoto hayumo.

Hapo ndipo ninapotaka tukae. Aliyepotea hapa hakupotea mikononi mwa adui. Alipotea kati ya watu wanaompenda, kila mmoja akiwa na hakika kwamba mwenzake ndiye aliye naye.

Sisi wa ziwa hili la Kivu hatuhitaji kufundishwa maana ya kutokuhesabu. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ilizama karibu kabisa na bandari ya Kituku, Goma, watu wa nchi kavu wakiiona. Barabara ya Sake ilikuwa imekatwa na vita, kwa hiyo kila mtu na kila gunia vilipitia majini. Walikufa makumi ya watu. Idadi yao ilibishaniwa, kwa kuwa boti ilikuwa imejaa kupita kiasi na hapakuwa na orodha ya kuaminika ya waliopanda. Vijana wetu, nawasihi: ombeni kabla ya kupanda, halafu angalieni boti. Kama imeshajaa, laleni mjini, mtapanda ya kesho. Vaeni jile, koti la kuokolea maisha majini, hata kama wenzenu wanacheka. Dai jina lako liandikwe. Shetani alipomwambia Yesu ajitupe kutoka juu ya hekalu alimnukulia zaburi nzuri kabisa kuhusu malaika, na Yesu akamjibu kwamba imeandikwa, usimjaribu Bwana Mungu wako. Zaburi ya 121 haikuandikwa ili mwenye boti aongeze magunia.

Lakini turudi kwa anayebaki. Sababu zake ni nyingi. Kuna wa Shabunda, ambaye mvua za Desemba zinamfungia njia na nauli ya ndege hana. Kuna ambaye kijiji chao kimehama chote, na akipiga simu mama yake anapokelea katika nyumba ya watu. Kuna ambaye pesa ya nauli ameshailipa minervali, yaani karo. Kuna yatima. Tarehe 1 Agosti, Siku ya Wazazi, nchi yetu inamkumbuka: asubuhi tunasafisha makaburi, mchana tunakaa na wazazi walio hai. Noeli haina asubuhi kama hiyo. Inaanza moja kwa moja na sahani za wenye baba na mama.

Na kuna sababu moja ambayo haitajwi kabisa, nayo nadhani ndiyo inayowashika wengi: mikono mitupu. Mwanafunzi wa Bukavu akishuka kijijini, watu wanaangalia mkono wake kabla ya uso. Mdogo wake anategemea viatu, bibi anategemea kitenge, au angalau sabuni na sukari. Hawajui kwamba huyo mtu wa mjini amekula bugali na sombe bila mafuta tangu Novemba. Basi anaona afadhali aseme ana kazi ya kuandika. Tena mwenye kujua Biblia anajihukumu kwa andiko, kwa maana Kumbukumbu la Torati 16:16 inasema watu wasitokee mbele za Bwana mikono mitupu siku za sikukuu. Ni kweli, imeandikwa. Ila wengi hukoma hapo, na aya ya 17 inaendelea kusema kwamba kila mtu atatoa kama awezavyo, kwa kadiri ya baraka aliyopewa na Bwana. Ninyi wazazi mnaopokea tafakari hii, pigeni simu wiki hii, msingoje awapigie. Mwambieni mtoto aje na mwili wake tu. Mwambieni kwa maneno hayo hayo, kwa sababu yeye hatathubutu kuuliza.

Sura hiyo hiyo ya Kumbukumbu la Torati ina jambo jingine linalonishangaza kila ninapolisoma. Katika aya ya 11, na tena katika ya 14, Mungu anawataja watakaofurahi katika sikukuu: wewe, mwanao, binti yako, watumishi wako, na Mlawi, na mgeni, na yatima, na mjane. Na sikukuu zenyewe hazikufanyika kwenye boma la ukoo. Zilifanyika mahali atakapochagua Bwana, ambapo kila mtu anafika akiwa msafiri. Sisi tumeigeuza safari: sikukuu yetu ni kurudi kwetu. Sisemi ni vibaya, mimi mwenyewe napenda kwenda kwetu. Lakini ukishasema sikukuu ni nyumbani kwa baba, asiye na baba umeshamwacha nje kabla hujapika chochote.

Hata Noeli ya kwanza, mkiiangalia vizuri, ilikuwa ya mtu aliyerudi kwao. Yusufu hakwenda Bethlehemu kama mgeni. Alikwenda kwa kuwa alikuwa wa ukoo wa Daudi na huo ndio mji wao. Akafika, na nafasi hakuna. Kaisari alijua kumhesabu kwa ajili ya kodi, lakini mahali pa mke wake kujifungulia palikosekana. Wengine wenu mtafika nyumbani na kukuta chumba chenu kimejaa ndugu waliokimbia vita, na godoro mlilokunja hapa ndilo watakalolihitaji. Msinung'unike. Chukueni mkeka.

Kwa hiyo, kabla ya Ijumaa, kila kiongozi wa promosheni, yaani wa darasa la mwaka, atapita mlango kwa mlango na kuandika majina: anayesafiri, njia yake, siku yake, nani yuko naye, nani atampokea. Akifika atume ujumbe wa neno moja tu, "Nimefika." Asiyesafiri ataandikwa pia, bila kudaiwa sababu. Familia za kanisa zilizo karibu, kuanzia Muhungu hadi Panzi, mlijitolea sahani za tarehe 25, tunashukuru. Safari hii tunaomba zaidi ya sahani: mchukueni mtoto tangu tarehe 24, alale kwenu, aende na watoto wenu kwenye mkesha, atumwe sokoni, agombezwe kama wengine. Sahani inayoletwa imefunikwa mpaka mlango wa homu ni wema, ila inaliwa peke yake. Atakayeweza kupokea mtu amwambie mama mchungaji kabla ya Alhamisi.

Wiki ijayo tutasoma Mathayo 2:13-15, safari ya usiku kwenda Misri. Wale mtakaokuwa njiani mnaweza kuisoma kwenye boti.