Chandarua cha mdogo wetu

Mwaka 2009 nilikuwa na miaka 13, na chandarua cha mdogo wetu kilishinda ziwani kuliko kitandani. Tulikaa mtaa wa Nguba, Bukavu, mashariki mwa Kongo, mteremko mmoja tu kutoka Ziwa Kivu. Tetemeko la tarehe 3 Februari mwaka uliotangulia lilikuwa limepasua ukuta wetu, pesa yote ya nyumba ikaishia kwenye saruji, na kitoweo kikawa cha kutafuta. Kaka yangu alishika ncha moja ya chandarua, mimi nyingine, tukaingia maji ya magoti kando ya matete, tukakokota. Jioni mama aliunga kile kilichopatikana kwa nyanya na pilipili kwenye mbabula, jiko letu la makaa. Hakukuwa na haja ya kutoa matumbo, hayakuonekana. Bugali ilishuka vizuri. Nasema hivi ili ieleweke kwamba njaa ilikuwepo kweli.

Mjomba, kaka yake mama, alikuwa mvuvi wa sambaza. Asubuhi moja ya Julai, akitoka kazini, alitukuta majini. Hakugomba. Alichota maji safi kwenye sahani nyeupe ya bati, akatia humo kiganja kimoja kutoka kwenye ndoo yetu, akaniita.

Kwanza niliona macho tu. Vidoti vyeusi, viwili viwili, vikielea. Kisha nikaona kwamba kila jozi ilikuwa na mwili, mwembamba kama uzi, na ua la buluu lililochorwa chini ya sahani lilionekana kupitia miili hiyo. Baadhi walikuwa bado wanatikisa mikia.

"Huyu ni samaki gani?" mjomba akauliza.

Sikujua. Aliponiambia ni sambaza nilibisha, kwa sababu sambaza niliyemjua mimi ni wa fedha, mrefu kama kidole, anauzwa kwa vikombe sokoni.

"Ni yeye. Anazaliwa huku pembeni, anakulia kwenye matete haya. Akipata nguvu ndiyo anaenda katikati ya ziwa, na ndiko mimi namungojea. Sasa nyinyi munamuchukua akiwa angali kitandani."

Usiku huo alinichukua. Mitumbwi mitatu ilikuwa imeunganishwa kwa miti mirefu, wavu umening'inia katikati. Mwezi haukuwepo, nao wavuvi walitaka hivyo hivyo, maana usiku wa mbalamwezi taa haina nguvu. Tuliwasha karabai, tukakaa kimya. Vijidudu vya majini vilikuja kwenye mwanga kama vumbi, na nyuma yao wakaja sambaza. Wazee walipoanza kuvuta waliimba, mmoja akitangulia na wengine wakimwitikia, na kwenye giza mbali nilisikia mitumbwi mingine ikiimba vilevile. Wavu ulipofika juu, chini yake palikuwa na samaki kidogo tu. Mjomba aliwagusa kwa mkono wazi, kama anavyogusa mtu paji la uso la mgonjwa. Tulivuta mara tatu. Ndoo mbili hazikujaa.

Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua sambaza si wa ziwa letu tangu zamani. Zamani maji ya huku yalielekea kaskazini. Volkano za Virunga zikaziba njia, ziwa likapanda hadi likapata njia ya kusini, Ruzizi, mto unaoshuka kwa kishindo hadi Ziwa Tanganyika. Samaki wa Tanganyika hawangeweza kuyapanda maporomoko hayo. Basi katikati ya Kivu palibaki bila samaki wa kula vile vijidudu, mpaka mwaka 1959 watu walipomleta sambaza kutoka Tanganyika. Alishika. Aliwalisha watu wa Bukavu, Goma na ng'ambo ya Rwanda. Lakini pia alimaliza vijidudu vikubwa vilivyokuwepo kabla yake, vikabaki vidogo vinavyojua kukwepa. Mimi siwezi kumwita mgeni mbaya, nimelelewa naye. Ila kinaniuma kwamba tulimleta wenyewe, tukamtegemea, kisha tukamfuata mpaka alikolala.

Maana hana pengine pa kwenda. Ziwa lina kina cha mita 485, lakini hewa ya kupumua inaishia karibu mita 60. Chini ya hapo maji yamejaa gesi. Anaishi kwenye blanketi hilo la juu tu. Upepo wa kiangazi ndio unaolipoza na kulikoroga, ukipandisha rutuba inayolisha vijidudu vyake. Maji ya juu yakizidi joto, kukoroga huko kunakuwa kugumu. Kwenye Ziwa Tanganyika wataalamu wameshaliona hilo. Na kule pembeni, mahali pa watoto wake, sisi tumejenga kuta za mawe, tumeng'oa matete, na kila mvua kubwa inashusha udongo mwekundu na chupa za plastiki kutoka milimani. Zile ambazo hazikwami kwetu hukusanyika kwenye bwawa la Ruzizi mpaka mashine za umeme zinashindwa kazi. Wakati ule, juu ya yale matete ya Nguba, palikuwa na mdiria wa madoa meusi na meupe, anasimama hewani akipiga mabawa, kichwa kimetulia kabisa, kisha anajitupa. Nimerudi pale mara nyingi. Nimekaa hata saa nzima kumngoja.

Tulirudi alfajiri. Mjomba alimpa mama fungu lake la samaki, bakuli moja, hakuuza chochote siku ile. Kisha akasema kwa upole, "Dada, chandarua kirudi kwa mutoto." Mama hakujibu. Alikifua kwa sabuni mara tatu, akashona mahali palipochanwa na mawe, akakitundika. Mdogo wetu alilala ndani yake usiku huo, na sisi wawili kando yake, tukinusa ziwa.