Siku Moja Maishani Mwangu: Kusaka Fuwele Ndani ya Kapsuli

Saa moja na nusu asubuhi huwa nimekwisha kuvaa koti la maabara, kwa kuwa maji ya jaribio la uyeyukaji, la kupima dawa inavyoyeyuka, hayataki haraka: sharti yatolewe hewa, la sivyo viputo vitagandamana na kapsuli, kisha yapashwe moto hadi nyuzijoto 37. Leo tunapima kapsuli za takrolimasi za miligramu 1, dawa inayouzuia mwili kukataa figo lililopandikizwa. Tangu Hospitali ya Muhimbili ilipofanya upandikizaji wake wa kwanza wa figo mwaka 2017, kazi hii imenigusa zaidi.

Fuwele za takrolimasi huyeyuka kwa shida majini. Ndiyo maana dawa hutawanywa ndani ya polima, yaani kitu chenye molekuli ndefu kinachoishikilia, ikiwa katika hali ya amofasi, molekuli zikiwa hazina mpangilio. Hali hiyo si thabiti. Joto na unyevu vinaweza kuzirudisha molekuli kwenye fuwele, na mgonjwa akameza dozi ile ile huku damu yake ikipata pungufu. Kwa hiyo baadhi ya sampuli zangu zimekaa katika chupa zilizo wazi, kwenye kabati lenye nyuzijoto 40 na unyevu wa asilimia 75.

Saa tatu tunatumbukiza kapsuli, moja katika kila chombo cha mililita 900, makasia yakizunguka mara 50 kwa dakika. Zote zinafaulu, za kabatini na mpya. Siridhiki na jibu hilo, kwa sababu maji mengi kiasi hicho huweza kuyeyusha hata fuwele za miligramu moja zikipewa muda.

Saa sita mchana tunaanza jaribio ninaloliamini zaidi: unga wa kapsuli kadhaa katika mililita 100 tu. Hapa dawa ya amofasi huyeyuka hadi kiwango ambacho fuwele haziwezi kukifikia, ilhali sehemu iliyokwisha kuwa fuwele hubaki bila kuyeyuka. Uchujaji ndio unaonitia wasiwasi, kwani fuwele ndogo sana zikipenya kichujio zitayeyuka baadaye ndani ya kiyeyushi cha kromatografia, njia ya kutenganisha na kupima dawa, na kuhesabiwa kama dawa iliyoyeyuka tangu mwanzo. Natumia kichujio cha mikromita 0.2, na matone ya kwanza nayamwaga.

Kufikia saa kumi mikondo ya kiasi cha dawa iliyoyeyuka imeachana waziwazi: ule wa kapsuli mpya umepanda, ule wa kabatini umelala chini yake, karibu na ule wa mchanganyiko niliouongezea fuwele kwa makusudi ili uwe kipimo. Kipimo cha eksirei, kinachoonyesha mpangilio wa molekuli, kingethibitisha, lakini dawa ni kidogo mno ndani ya kapsuli, na laktosi (sukari ya maziwa iliyochanganywa na dawa), ambayo nayo ni fuwele, huifunika. Katika jaribio la mililita 100 laktosi huyeyuka yote na kuondoka njiani.

Saa kumi na moja naandika ripoti, nikipendekeza kwamba jaribio la maji machache lifanywe sambamba na lile la kawaida katika kila ukaguzi wa uthabiti.