Viganja viwili mlangoni

Leo nimeizunguka nyumba yangu yote kwa magoti. Ndiyo kazi tuliyopewa kwenye mafunzo ya ulezi wa watoto: tambaa chumba hadi chumba, na kila ambacho mkono wako utakifikia, kiandike. Humu ndimo nilimolea wanangu wawili, na nilidhani hakuna pembe nisiyoijua. Chini ya kochi kuna msumari umechomoza. Kamba ya pazia inaning'inia usawa wa shingo ya mtoto. Dawa za kusafishia sakafu ziko kwenye kabati la chini, na mlango wake unafunguka kwa kuuvuta tu. Bafuni nimekuta ndoo ina maji kidogo. Maji ya kina cha sentimita 5 yanatosha kumzamisha mtoto mdogo, kwani kichwa chake ni kizito na akishatumbukia hawezi kujinyanyua. Nimekaa pale sakafuni kwa kitambo, nikiwakumbuka wanangu wakicheza papo hapo.

Zimebaki wiki mbili tumalize. Mafunzo yenyewe ni ya mtu anayetaka kulea watoto wa wenzake nyumbani kwake: kikundi kidogo, umri mchanganyiko, kuanzia mchanga wa miezi michache hadi yule wa miaka minne mwenye maswali yasiyokwisha. Nilijiandikisha nikiamini ninafuata cheti tu, kazi naijua.

Siku ya huduma ya kwanza ilinibadilisha mawazo. Tulipewa mwanasesere wa ukubwa wa mtoto wa miezi sita. Mtoto mchanga akipaliwa, akawa hawezi kulia wala kukohoa, unamlaza kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini kuliko kifua, unampiga kwa kitako cha kiganja mara 5 katikati ya mabega. Kitu kisipotoka, unamgeuza na kumbana kifua mara 5. Tumbo hulibani kama hajatimiza mwaka. Na akiwa ameacha kupumua, unabana kifua mara 30, unapuliza pumzi 2, kwa kasi ya kubana 100 hadi 120 kwa dakika. Mikono yangu ilibana polepole mno, kwa hofu ya kumuumiza. Mwalimu akachuchumaa karibu yangu. "Mama, huyu damu haifiki kichwani. Bana." Nilirudia mpaka mabega yakaniuma, na usiku ule sikupata usingizi mapema.

Somo la usingizi nalo lilinigusa. Wanangu niliwalaza kifudifudi, kama nilivyoelekezwa na wakubwa wangu, kwa mapenzi kabisa. Sasa najua mtoto hulazwa chali mpaka atimize mwaka, kwenye godoro gumu, bila mto wala blanketi. Marekani walianza kampeni ya kulaza watoto chali mwaka 1994, na vifo vya ghafla vya wachanga usingizini vikapungua kwa takriban nusu katika miaka iliyofuata.

Ila kilichonishika zaidi ni daftari.

Tulipelekwa kwa mlezi mzoefu, kila mmoja amtazame mtoto mmoja kwa dakika 10 na kuandika. Niliandika: "Anadeka. Ameamka na hasira. Hapendi wenzake." Mwalimu alizikata sentensi zote tatu. "Hizi ni hukumu," akasema. "Uliona nini?" Sikuwa na jibu. Nikaomba kurudi kesho yake.

Safari hii daftari langu linasomeka hivi: "Saa 2:10 asubuhi mama ameaga, ametoka. Mtoto, miezi 10, ametambaa hadi mlangoni. Ameweka viganja viwili juu ya mlango. Amelia dakika 4. Mlezi amekaa sakafuni hatua mbili nyuma yake, hakumvuta. Amesema: mama amekwenda kazini, atarudi. Mtoto amegeuka, amemtazama. Amegeukia mlango tena. Kisha ametambaa hadi kwa mlezi, ameshika pindo la sketi yake, amenyamaza. Bado anautazama mlango."

Mwalimu hakukata hata neno. Alitueleza kwamba kuanzia miezi 8 hivi, mtoto huanza kuelewa kuwa mtu aliyetoka machoni bado yupo mahali fulani. Asichojua bado ni kama atarudi. Kwa hiyo yule niliyemwita mdekaji alikuwa ameshajua jambo kubwa, na alikuwa akilililia. Ndiyo maana mzazi anahimizwa aage waziwazi, hata kama kilio kitafuata. Mimi nilikuwa nikitoka kwa kunyata wanangu wakiwa wamegeukia pembeni, nikiamini nawaepusha na machozi. Mwanangu mkubwa nilimwita mlialia mbele ya wageni. Sikuwahi kumtazama dakika 10 nikaona alikuwa akitafuta nini.

Msumari nimeung'oa, kamba ya pazia nimeifunga juu, ndoo nimeimwaga na kuifudikiza. Kabati litapata komeo kesho asubuhi, kabla hajafika mama mmoja anayekuja kuiona nyumba. Jioni hii amenipigia simu, na kwa sauti ya chini akanionya kwamba mwanawe ana kilio sana, nisije nikamchoka. Nikamuuliza hulia wakati gani, na akilia hutazama wapi. Akanyamaza kidogo, kisha akaanza kunisimulia.