Bahati Tu, Shemeji

Neno la shemeji limeninasa kooni. Kompyuta ya dada, iliyokuwa imegoma kuwaka hadi nilipoirekebisha, ilikuwa imekwisha kuwaka, utafiti wake wote ukiwa salama mbele yetu, ndipo shemeji aliposema, “Basi ni bahati tu, shemeji. Mimi ningefuta kila kitu nikaanza upya.” Nikamjibu, “Si bahati, shemeji,” naye akacheka, akaanza habari nyingine. Wiki hii shangazi amefanyiwa upasuaji akatoka salama, nami nimehamishiwa idara mpya kazini, lakini kinachonikosesha usingizi ni hilo “bahati tu”.

Bahati iko wapi hapo? Skrini ilikuwa nyeusi, imeandikwa grub rescue> pamoja na taarifa kwamba mojawapo ya sehemu ambazo diski imegawanywa haipo. Taarifa hiyo yenyewe ilikuwa habari njema, kwa sababu GRUB, programu inayouamsha mfumo endeshi, husomwa kutoka diskini, na diski iliyokufa kabisa isingeweza hata kutoa malalamiko hayo. Niliandika ls, zikaorodheshwa sehemu zilizopo, na ya 6, iliyokuwa na Linux, mfumo endeshi wa dada, haikuwamo. Kumbe yule aliyeitwa kuongeza nafasi kwenye mashine alikuwa ameifuta sehemu ya 5. Katika diski zenye jedwali la sehemu la mtindo wa zamani, sehemu za ndani, yaani zilizogawanywa ndani ya sehemu nyingine, huhesabiwa kuanzia 5, na moja ikiondolewa zinazofuata husogea. Kwa hiyo iliyokuwa ya 6 ikawa ya 5, huku GRUB ikiendelea kupiga hodi kwenye nyumba iliyohamwa.

Nilipoandika ls (hd0,msdos5)/ ili nione yaliyomo kwenye sehemu ya 5, yakajitokeza majina boot, etc na home, ambayo ni folda za Linux, na dada akanishika bega bila kusema neno. Nikairekebisha njia ya kufikia faili za GRUB kwa set prefix, nikaita insmod normal, kisha normal, ili GRUB irudi katika hali yake ya kawaida, na Linux ikapanda. Mara tu ilipowaka nikaendesha grub-install, amri ya kuisakinisha GRUB upya, ili namba mpya iandikwe diskini, maana bila hivyo tungekwama palepale asubuhi yake. Kila amri ilitokana na jibu la amri iliyotangulia. Mfumo kugoma kuwaka ni jambo moja, na kazi ya mtu kupotea ni jambo jingine kabisa. Anayeshauri kufuta ndiye anayeyaunganisha.

Hata hivyo, ninavyoandika naona kwamba shemeji, pamoja na ushauri wake, hakufuta chochote. Alikuwa na siku nzima ya kufanya hivyo, mkewe akilia chumba cha pili. Badala yake aliizima mashine, akaiweka mezani, akanipigia simu na kunisubiri. Tena ndiye aliyetafuta diski ya nje ili utafiti unakiliwe usiku uleule. Nitampigia kesho nimshukuru kwa hilo.

Jumatatu shangazi anatolewa nyuzi, siku ileile ninayotakiwa kuripoti idara mpya, na hadi sasa hajapatikana wa kumsindikiza.