Tulivyoipatia timu iliyotoka Likasi mashabiki wa Katuba

Nimechoka kusikia kwamba timu ikihama mji imekufa. Wanaosema hivyo hapa Lubumbashi, Kongo, wana mfano mmoja tu mdomoni: timu ya mpira ya Wimbledon ya Uingereza, iliyohamia Milton Keynes mwaka 2003, wakati mashabiki wake walikuwa wameshaunda timu yao, AFC Wimbledon, tangu 2002. Ni kweli, lakini wanaishia katikati. Iliyohama, ambayo leo ni MK Dons, ilipata uwanja wake 2007, na Agosti 2014 ikaifunga Manchester United 4-0 papo hapo nyumbani. Vijana wa ule mji wamekua wakiijua kuwa ni yao.

Yetu ni timu ndogo, jina lake naliacha. Mwenye timu anakaa Lubumbashi, alichoshwa na gharama za kuifuata mji wa Likasi, kilomita kama 120 kwenda tu, akaihamishia Katuba, mtaa mmoja wa hapa Lubumbashi. Mimi nikapewa kazi ya kutafuta mashabiki.

Ugumu wenyewe kila Mlushi, mtu wa Lubumbashi, anaujua. Hapa mtu anarithi timu kwa baba yake. Timu kubwa ni mbili: Mazembe ilianzishwa na mapadri Wabenediktini mwaka 1939, Lupopo ikatoka kwa watu wa reli mwaka huohuo. Nyumba zimeshagawanyika tangu enzi za mababu. Sasa wewe unaingia na wageni kutoka Likasi, utamwambia nani aache ya kwao?

Kamati ilimwita mshauri, ikamlipa dola mia kadhaa. Akasema tuvalishe timu nyeusi na nyeupe, rangi za Mazembe, watu watatupenda bila kujua. Nilipinga kikaoni, nikaambiwa mimi sijasomea mambo hayo. Basi likakodiwa lori lenye spika, likazunguka Katuba na mtaa jirani uitwao Kenya likigawa fulana za bure. Siku ya mechi watu wa Lupopo walifika mlangoni, wakaona zile rangi, mmoja akauliza, “Hii ekipi ni ya banani?” yaani timu hii ni ya akina nani? Hakungoja jibu. Wakageuza wote. Wa Mazembe waliingia, maana fulana walikuwa nazo, lakini saa ileile Mazembe ilikuwa inacheza uwanjani kwake Kamalondo, na karibu kila benchi lilikuwa na redio. Kipindi cha pili golikipa wetu amefungwa, anainama kutoa mpira wavuni, ghafla jukwaa zima linaruka na kupiga vigelegele. Mazembe imefunga huko redioni! Yule kijana hakujua. Alidhani Katuba yote inamshangilia adui yake. Usiku aliniambia, “Papa, nirudishe Likasi.” Maneno yale yaliniuma sana, na ndiyo yaliyonionyesha njia.

Wachezaji walikuwa wanalala wote pamoja katika nyumba ya kupanga, mbali, wanaletwa kwa basi dogo na kurudishwa. Nani angewajua? Nikamwomba mwenye timu ile pesa ya kodi, nikaenda nyumba kwa nyumba kwa akina mama niliowafahamu parokiani: mama, nikuletee kijana mmoja, nitakupa unga wa mwezi na kitu kidogo cha mboga. Kila mchezaji akapata avenyu yake, yaani barabara yake ya mtaani. Golikipa nilimpeleka kwa mama mmoja mjane mwenye watoto wa shule. Baada ya muda nikawa namkuta anachota maji nao, anakaripiwa pamoja nao, anakula bukari, ugali wetu, sahani moja nao. Ilitugharimu pungufu kuliko ile nyumba ya kupanga.

Halafu nikamfundisha mtangazaji wa uwanjani: usiseme namba tu, taja avenyu na mama anayemlea. Alipofanya hivyo mara ya kwanza, avenyu ya golikipa ilisimama nzima. Mtu akapaza sauti, “Ule njo mutoto yetu!” Hakuuliza mwenzake ni wa Mazembe au wa Lupopo. Ukiwa na timu ngeni, hapo ndipo pa kuanzia, kwa mtu mmoja anayejulikana mlangoni kwa jirani.

Rangi zile tuliziondoa, tukarudi kwenye kijani tuliyotoka nayo Likasi. Makombe ya zamani nilidai yabaki Likasi, kwa watu walioyashangilia. Hata MK Dons walirudisha makombe na heshima za Wimbledon kule London mwaka 2007. Na ratiba, jamani, ratiba! Usicheze kamwe wakati mmoja na Mazembe au Lupopo. Sisi tunacheza asubuhi, misa ya kwanza ikiisha. Wauza karanga na mandazi tuliwapa nafasi mlangoni bila kuwatoza chochote, nao ndio wanaotangaza mechi sokoni wiki nzima, wala lori hatulihitaji tena. Vijana watatu wa Katuba wenyewe wameshaingia kikosini.

Msimu uliopita mwenye timu alianza kuzungumzia kuihamishia timu mji wa Kolwezi, kwamba kule kuna pesa za migodi. Habari ilifika sokoni kabla ya mimi kuisikia. Akina mama wanaolea wachezaji walikwenda nyumbani kwake na waume zao, wakamweleza kwamba anaweza kwenda Kolwezi na mipira yake, lakini vijana hawatoki. Walidai pia viti viwili katika kamati. Wamevipata, na golikipa ndiye aliyewaandikia barua ya maombi.